Mkebe Chini ya Kitambaa

Kwa heshima na taadhima, mimi Kibe wa Kiragu, mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya bweni ambayo sitaitaja kwa sababu haijaniruhusu, nawatangazia wasomaji wote kwamba likizo ya Agosti mwaka wa 2006 nilitoa mchango mkubwa katika sayansi ya nchi hii. Ni kwa juhudi zangu kwamba chuo kikuu kilipima chumba ambacho hakikuwa na mpango wa kukipima. Tafadhali msisimame. Kaeni tu, makofi yatakuja baadaye.

Mchango wenyewe ulikuwa mkebe wa rangi ya viatu.

Naona mmeanza kunitazama vibaya, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Asubuhi za Agosti pale kwetu Mountain View huanza na ukungu. Magari ya Waiyaki Way husikika kabla hayajaonekana, na miti ya jirani huwa kama imechorwa kwa penseli kisha ikafutwa nusu. Mimi huamka mapema na kupiga viatu rangi. Ni ugonjwa wa bwenini. Shuleni kwetu mwalimu wa zamu hukagua viatu kwanza na uso baadaye. Unaweza kufika mstarini na uso wa jana, lakini si viatu vya jana. Basi hata nyumbani, ambako hakuna wa kunikagua, nilikuwa nikikaa kwenye ngazi za jikoni na brashi yangu mpaka viatu ving'ae kiasi cha kunionyesha meno.

Kutoka kwenye ngazi hizo ua wetu wote ulionekana. Ua umeteremka kidogo. Juu iko nyumba yetu. Chini, mahali mteremko ulipochimbwa, kuna chumba kikubwa cha mawe ambacho ukuta wake wa nyuma umeegemea udongo. Chumba hicho Baba alikuwa amempangisha Mwalimu Kavata, naye akafungua chekechea humo, isiyofungwa hata wakati wa likizo. Kando ya geti, chini ya tangi la maji, kuna chumba cha pampu, kwa sababu tunatumia maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Maji ya mfereji huku kwetu huja kama mgeni: mara chache, na kwa kelele nyingi.

Kila asubuhi watoto wa majirani waliteremka kwenda kwa Mwalimu Kavata wakiwa wamefungwa sweta, kofia na skafu mpaka wakawa duara. Waliimba, wakanywa uji, wakahesabu vijiti, na mchana wakalala kwenye mikeka. Dada yangu Wangui, wa miaka minane, alikuwa amejiteua msaidizi wa mwalimu na waziri wa vikombe.

Mwalimu Kavata alikuwa mtu mpole kutoka Machakos, mwenye mapenzi makubwa ya kufuma. Kila kitu chake kilikuwa na kitambaa: viti, redio, hata ndoo ya uji. Mama alizoea kusema kwamba ukikaa karibu na Mwalimu kwa muda mrefu bila kutikisika, utajikuta umefunikwa.

Ijumaa moja alasiri, watoto wakiwa wanaondoka, alikuja shangazi yangu Debra. Ni dadake Baba mdogo kabisa, na hutaka tumwite Anti kwa sababu anasema neno "shangazi" linamzeesha. Alikuwa akisomea shahada ya pili ya fizikia mjini. Mkononi alibeba sanduku la mikebe ya bati.

"Sasa, Kibe?"

"Poa, Anti."

"Naona viatu vinang'aa. Na akili?"

"Hiyo naipiga brashi jioni, Anti."

Alicheka, akateremka moja kwa moja hadi chumba cha Mwalimu Kavata. Baba na Mama wakafuata, nami nikafuata, kwa sababu mahali penye sanduku lisilofunguliwa siwezi kukosa. Anti aliuweka mkebe mmoja juu ya meza ya mwalimu na kuufungua. Ndani mlikuwa na punje nyeusi.

"Makaa?" aliuliza Baba. "Debra, miaka yote hiyo ya chuo kikuu, halafu unatuletea makaa?"

"Makaa maalumu, Baba Kibe. Haya si ya jiko. Yanavuta gesi iitwayo radoni kutoka hewani na kuishika. Baadaye nayapeleka maabara, mashine inatuambia gesi ilikuwa kiasi gani."

"Gesi imetoka wapi, na mimi napikia stovu ya mafuta ya taa?" aliuliza Mwalimu Kavata, akiangalia pembe za chumba.

"Inatoka ardhini, Mwalimu. Ndani ya mawe na udongo kuna madini ya urani kidogo sana. Hubadilika polepole mno, na mojawapo ya vitu vinavyotokana nayo ni hii gesi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Nje upepo huitawanya, haina neno. Lakini ikipenya kwenye nyufa za sakafu na kukuta chumba kimefungwa, inajikusanya. Mtu akiivuta kwa wingi miaka na miaka, anaweza kupata saratani ya mapafu. Ndiyo maana nimechagua chumba chako. Kimekaa ndani ya ardhi kuliko vyote nilivyoviona upande huu."

Aliendelea kueleza kwamba radoni hubebwa pia na maji ya visima, na kwamba siku nyingine angekuja kuchukua chupa ya maji yetu. Sehemu hiyo sikuisikia vizuri. Nilikuwa nikiutazama ule mkebe. Upana wake, weusi wake, umbo lake la mviringo: ulifanana kabisa na mkebe wangu mkubwa wa rangi ya viatu, ule unaotosha muhula mzima. Wengine hutazama nyota wakapata mashairi. Mimi nilitazama makaa nikapata mzaha.

"Sasa masharti," alisema Anti. "Madirisha na mlango vifungwe kuanzia sasa hadi Jumatatu asubuhi. Mkebe ukae wazi papo hapo. Usiguswe, usihamishwe. Mwalimu, utakuwepo?"

"Naenda Machakos kumwona mama. Nitarudi Jumatatu alfajiri."

"Basi ufunguo ukae na nani?"

Kila mtu alinigeukia. Nadhani ni viatu vilivyowadanganya. Kijana mwenye viatu kama vile huonekana mwaminifu.

"Kibe, wewe ndiye askari wa mkebe," alisema Baba.

"Nitaulinda kwa maisha yangu," nilisema, nikapiga saluti.

Anti alipokwisha kwenda, Mwalimu Kavata alifunga madirisha, akachukua begi lake, kisha akasita mlangoni. Alirudi mezani, akatoa kitambaa cheupe cha kufuma chenye ukingo wa manjano, akaufunika mkebe taratibu.

"Mwalimu, Anti alisema ukae wazi," Wangui alimkumbusha.

"Kina matundu, mama, hewa itapita. Kitu cha chuo kikuu hakiwezi kulala uchi nyumbani kwangu. Watu watasema nini?"

Hapo ndipo mzaha ulipokamilika kichwani mwangu. Kitambaa! Jumatatu Anti angekuja, angekifunua mbele ya watu kwa heshima zote za sayansi, na chini yake angekuta rangi ya viatu. Nilicheka peke yangu hadi chakula cha jioni. Mama akaniuliza kama nina homa.

Jumamosi asubuhi nilifungua chumba, nikaweka mkebe wangu mahali pa mkebe wa Anti. Hata kifuniko nilikiondoa, ili weusi wa rangi ufanane na weusi wa makaa. Msanii wa kweli hafanyi kazi nusu. Kisha nikaurudisha ukingo wa manjano vile vile ulivyokuwa.

Sasa mkebe wa Anti niupeleke wapi? Chumbani mwangu Wangui angeuona. Nikakumbuka chumba cha pampu, ambacho wikendi hakiingiwi na mtu. Kilikuwa na joto, maana pampu ilinguruma humo karibu kutwa nzima, na bomba moja lilivuja na kurusha manyunyu ukutani. Hakikuwa na dirisha. Niliuweka mkebe juu ya rafu, wazi kama ulivyotakiwa, nikafunga mlango. Masharti nimeyatimiza, nilijiambia. Uko wazi, umefungiwa, hauguswi. Ua ni ule ule mmoja, na hewa ni hewa.

Jumatatu ilipofika, niliona jambo ambalo sikulipanga. Baba hakuwa ameondoka kwenda kazini. Alikuwa amesimama sebuleni na suti yake ya ofisini na tai, akinong'ona. Nilimuuliza Mama kitu Baba anachonong'ona.

"Anajiandaa kuomba kabla mkebe haujachukuliwa," alisema Mama. "Anasema familia yetu haijawahi kushiriki utafiti, lazima tushukuru. Amemwalika hata mzee wa kanisa."

Wasomaji, kuna watu wa kufanyiwa mzaha, na kuna Baba akiwa na tai na mzee wa kanisa. Nilisema ninakwenda kufungua mlango, nikateremka mbio, nikauchukua mkebe wa Anti kutoka kwenye pampu na kuurudisha mezani. Nilipookota kitambaa niliona duara jeusi katikati. Rangi ilikuwa imekigusa. Nilikikunja doa likaenda ndani, nikakilaza juu ya mkebe, nikaificha rangi yangu ndani ya sweta. Muda huo huo miguu ikasikika kwenye ngazi.

Baba aliomba. Aliomba mpaka mzee wa kanisa akafungua jicho moja. Anti alifunua kitambaa, akatabasamu. "Nani amevalisha mkebe wangu?"

"Ni mimi," alisema Mwalimu Kavata kwa aibu. "Nilikosea?"

"Kina matundu, hakitaharibu kitu." Anti akaufunga mkebe kwa kifuniko na utepe, akaandika juu yake "Mwl. Kavata", akaenda zake. Hakuna aliyecheka. Mzaha wangu ulikufa bila hata kuhudhuriwa, nami nikadhani umezikwa.

Alhamisi jioni Anti alirudi, na safari hii hakuulizia viatu vyangu. Aliketi na Baba na Mwalimu Kavata kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti yakiwa juu.

"Nimepima nyumba za Lavington na Spring Valley," alisema. "Vipimo vyote viko chini, havina shida. Lakini mkebe wa hapa, Mwalimu, umeonyesha gesi mara saba kuliko mkebe unaoufuata kwa wingi."

"Mara saba?"

"Kipimo kimoja hakitoshi. Nitarudia, lakini mikebe yangu yote iko majumbani hadi wiki ijayo. Kwa sasa ni heri watoto wasikae humu."

Mwalimu Kavata hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. Alivitazama vile viti, kila kimoja na kitambaa chake, kisha mikeka iliyoviringishwa kando ya ukuta.

"Mimi huwalaza hapa kila mchana," alisema polepole. "Nafunga madirisha wasipate baridi. Nilidhani nawatunza."

"Hukujua, Mwalimu," alisema Baba.

"Wazazi watajua lakini. Mama Mukonyo akisikia, hamleti tena mwanawe. Na wengine watamfuata. Hii chekechea ndiyo kazi yangu yote, Baba Kibe. Ikifungwa narudi Machakos."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ulimi wangu, ambao bwenini husifiwa kwa wepesi, ulikuwa mzito kama kiatu cha mvua. Anti alipokuwa akitoka nilimfuata hadi getini.

"Anti, mkebe unaweza kudanganya?"

"Mkebe haujui kudanganya. Unasema ulichovuta, basi. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Kwa ajili ya elimu."

Alinitazama kidogo. "Elimu ni nzuri," alisema, akaondoka.

Nilijiambia mambo mengi usiku na mchana. Kwamba Anti angerudia kipimo wiki ijayo na ukweli ungejitokeza wenyewe bila kunitaja. Kwamba siku chache za kupumzika si mbaya kwa mwalimu. Ijumaa watoto walirudishwa makwao, na nikamwona Mwalimu Kavata akifagia chumba ambacho hakikuwa na uchafu. Nilipita upande wa pili wa nyumba ili asinisalimie.

Jumamosi asubuhi Baba alitoka ameng'aa uso. Baba yangu ni mtu mwema, na wema wake hauketi kitako.

"Nimepata suluhisho!" alitangaza. "Chumba cha pampu! Ni kikubwa, sakafu ni ya simenti mpya, na kina joto kuliko nyumba zote za mtaa huu. Tutatoa yale mabomba ya zamani, tutandike mikeka. Mwalimu, waite wazazi waje waone. Jumatatu watoto wako darasani!"

"Mungu akubariki, Baba Kibe," alisema Mwalimu Kavata, na sauti yake ikakatika. "Mungu akubariki kabisa."

"Kibe! Beba viti!"

Nilibeba viti. Nilivibeba viwili viwili kutoka chumba cha Mwalimu hadi chumba cha pampu, na kila nilipoingia humo lile joto lenye unyevu lilinipiga usoni. Nikaiona rafu. Nikaliona bomba likirusha manyunyu yake. Kisha ile sehemu ya maneno ya Anti ambayo sikuisikiliza ikanijia yote, neno kwa neno, kama kengele ya asubuhi: radoni hubebwa pia na maji ya visima.

Mkebe haukuwa umedanganya. Ulikuwa umesema ulichovuta. Ulikivuta hapa.

Mama Mukonyo alikuwa amekwisha kufika na mwanawe wa miaka minne. Mukonyo aliingia ndani, akauona mkeka, akajilaza na sweta zake zote.

"Mwalimu, huku kuna joto kama jikoni!" alisema. "Mimi nitalala hapa kila siku."

Niliweka viti chini. Nilifungua kinywa. Nataka mjue kwamba nilikifungua kinywa. Lakini kabla neno halijatoka, geti liligongwa na Anti Debra akaingia, akihema, mkebe ule ule mkononi.

"Hujambo, Mwalimu. Samahani kukuvamia. Kuna jambo limeninyima usingizi. Makaa haya hunywa pia unyevu, kwa hiyo huwa tunapima uzito wa mkebe kabla na baada. Mkebe wako umekunywa maji kuliko mikebe yote niliyonayo. Uliumwagia maji?"

"Hata tone."

"Na chumba chako ni kikavu, nimekiona. Basi maji yametoka wapi?"

Mwalimu Kavata alifikiri. "Sijui kama ni kitu," alisema, "lakini kuna kitambaa changu." Alikitoa katika rundo la vitambaa alilokuwa amebeba. Duara jeusi lilikuwa limefifia, lakini lilikuwepo. "Nimekifua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa magadi. Nilidhani ni makaa yako. Lakini makaa hutoka. Hili limegoma."

Anti alikinusa, akakunja uso. Wangui naye, waziri wa vikombe, akajipenyeza na kunusa.

"Kinanuka Kibe," alisema.

Mama Mukonyo alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Macho ya watu yaliteremka polepole kutoka uso wangu hadi miguu yangu, ambako viatu viling'aa kwa ujinga wao wote, vikiwaonyesha meno.

"Kibe," alisema Baba. Hilo tu.

"Nilikuwa karibu kusema," nilisema.

"Sema sasa."

Nikasema. Nilisema kuhusu rangi ya viatu na kifuniko, kuhusu tai ya Baba na mzee wa kanisa. Nilitarajia Anti akasirike. Lakini yeye aliuliza swali moja tu, tena kwa utulivu.

"Mkebe wangu ulikuwa wapi, Kibe?"

"Humu. Kwenye ile rafu. Tangu Jumamosi hadi Jumatatu."

Mwalimu Kavata aliangusha vitambaa vyote, akaingia, akamnyanyua Mukonyo kutoka mkekani na kumtoa nje mbio, mtoto akilalamika kwamba alikuwa ameanza kuota.

"Woi!" alisema Mama Mukonyo. "Ina maana hapa ndipo?"

"Hapa ndipo," alisema Anti. "Maji yanapanda kutoka chini sana na gesi ndani yake, yakirushwa hivi gesi inatoka, na hakuna dirisha. Usiogope, Mama Mukonyo. Dakika hizi chache hazimdhuru mtoto. Miaka ndiyo hudhuru. Lakini kulala humu kila mchana, muhula baada ya muhula, hapana."

Baba aliketi juu ya kiti cha chekechea palepale uani. Hakunipiga. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Nilikuwa nawaleta humu kwa mikono yangu," alisema.

Adhabu nilipewa jioni ile, na haikuwa fimbo. Nilizunguka kwa wazazi wote wa chekechea, Mountain View na ng'ambo huko Kangemi, nikieleza mlangoni mwa kila mmoja nilichofanya. Mama mmoja aliniuliza kama hicho ndicho tunachofundishwa shule za bweni. Baba mwingine alinikaribisha chai, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Maliza chai uende." Hiyo ndiyo chai chungu kuliko zote nilizowahi kunywa, na ilikuwa na sukari.

Wiki iliyofuata Anti alileta mikebe miwili, mmoja kwa Mwalimu na mmoja kwenye pampu, na safari hii ufunguo alikaa nao Wangui. Alilala nao shingoni. Majibu yalipotoka, chumba cha Mwalimu Kavata kilikuwa sawa na nyumba za Spring Valley. Anti alimshauri tu azibe ufa mmoja wa sakafu na kufungua madirisha kidogo hata siku za baridi. Chumba cha pampu kilikuwa na gesi nyingi vile vile kama mwanzo. Baba alimleta fundi akatoboa matundu makubwa ya hewa juu na chini, akaliziba bomba lililovuja, na mlango wa mbao ukabadilishwa kwa wa wavu. Maji yetu nayo yalipimwa. Anti akasema yakikaa kwenye tangi lenye hewa, gesi hupungua yenyewe.

Jumatatu ya mwisho ya likizo watoto waliteremka tena, duara duara, hadi mlangoni kwa Mwalimu. Wote. Mukonyo alikuwa wa kwanza.

Siku hiyo nilikuwa kwenye ngazi za jikoni, nikipiga viatu rangi kwa ajili ya safari ya shule. Anti alikuja akaketi kando yangu.

"Unajua ulichokosea?" aliuliza.

"Nilihamisha mkebe."

"Hilo ni la kwanza. Kipimo ni shahidi, Kibe. Ukimhamisha shahidi, anatoa ushahidi wa mahali pengine. Ukamfunga Mwalimu ambaye hana hatia, na chumba chenye hatia kikapewa watoto. Lakini mzaha ule ungekuwa mzaha tu kama ungesema siku ile ile ya Alhamisi. Hukusema uongo hata neno moja. Ulinyamaza. Na kimya chako kiliwatoa watoto mahali salama, kikawapeleka kwenye hatari, kiti kwa kiti, na ni wewe uliyebeba viti. Mtu mwaminifu si yule tu asiyesema uongo. Ni yule anayesema ukweli mapema, wakati bado unamsaidia mtu."

Niliendelea kupiga brashi. Kisha nikashindwa kujizuia.

"Lakini Anti, kweli nilikuwa karibu kusema. Ulipogonga geti nilikuwa nimeshafungua kinywa."

Anti Debra alisimama, akajipangusa sketi.

"Mimi kazi yangu ni kupima kitu kisichoonekana, kisichonuka na kisicho na ladha," alisema. "Lakini 'karibu' bado sijapata mkebe wake."

Akateremka kwenda kumsalimia Mwalimu Kavata.

Basi wasomaji, lile tangazo langu la mwanzo nalifuta, na makofi mnaweza kubaki nayo. Nakiri jambo moja lililobaki, ambalo hata Baba sikumwambia. Kinywa nilikifungua, hiyo ni kweli. Lakini nimejiuliza mara nyingi kama geti lisingegongwa ningesema ukweli, au ningesema tu kwamba chumba kina joto sana. Sijui. Ningependa kujua, na sitajua kamwe.

Kile kitambaa Mwalimu Kavata alinipa siku nilipoondoka. Alisema doa halitatoka, kwa hiyo ni changu. Kiko ndani ya sanduku langu bwenini, na kimefunika mkebe wa rangi ya viatu.